Kofia Zilizokanyagwa Mara Mbili

Kofia ya kwanza ambayo Senga aliitoa kwenye kamba haikumwingia hata mwanawe. Aliigeuza, akaivuta kwa vidole gumba kama mtu anayetanua donge la unga, lakini sufu ilikuwa imeshikana, ngumu kama kwato. Akaitoa ya pili. Akaitoa ya tatu. Zote zilikuwa na buluu ya nili iliyoiva vizuri, zote zilikuwa na kishada chake juu, na hakuna hata moja ambayo mtu mzima angeweza kuivaa.

Kofia za namna ile hufumwa kubwa kupita kiasi. Zikitoka kwenye sindano zinaning'inia kama vikapu vilivyolowa, na mtu asiyejua huzicheka. Ndipo hutiwa kwenye maji ya moto na sabuni, zikakanyagwa kwa miguu mpaka nyuzi zishikane na kofia irudi kwenye kimo cha kichwa cha binadamu. Hapo mkono wa fundi ndipo unapojulikana, kwa sababu sufu ikishasinyaa haivutiki tena. Na hizi zilishasinyaa tangu Jumanne. Senga mwenyewe alizijaribu moja moja kichwani mwake, akaziona sawa, akazipanga kabatini.

Alimkuta mama mkwe wake, Grizel, jikoni akimenya viazi. Mtoto Ailsa alikuwa chini ya meza anayavisha maganda kofia mojawapo.

"Mama, zile kofia alizoagiza Kapteni umezifanya nini?"

"Nimezikanyaga," Grizel akasema bila kuinua macho. "Nimezikuta kabatini, mbichi kabisa. Wewe siku hizi unafuma halafu unaficha?"

"Hazikuwa mbichi. Ulizikanyaga Jumanne."

"Jumanne nilikuwa kanisani."

"Mama, Jumanne si siku ya kanisa."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati la banda la kufulia huko nyuma, ile mvua ya Ayrshire, Uskoti, ambayo haijali kama ni Julai, katikati ya kiangazi. Grizel alitazama kiazi, akatazama dirisha, kisha akamtazama mkwewe.

"Basi Jumanne nilikuwa wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mgeni anavyouliza njia ya kwenda stesheni.

"Umechoka tu, Mama," Senga akasema. "Ni uchovu."

Baadaye, mumewe Drew alipokuwa akilirudia neno lile kila siku, Senga alikuwa akikumbuka kwamba la kwanza lilitoka kwenye kinywa chake mwenyewe.

Drew alirudi saa kumi na mbili jioni, ananuka maziwa. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maziwa, kutoka shamba hadi shamba, na maziwa yakimwagika kwenye buti hayatoki harufu hata ufanyeje. Senga alimwekea sahani ya nyama ya kusaga na viazi, akamwekea na kofia moja ndogo pembeni ya sahani.

"Ya Ailsa?" Drew akauliza. "Nzuri."

"Ya yule Kapteni. Na nyingine zote ziko hivyohivyo."

Drew akaacha kutafuna. Akasikiliza. Mama yake alikuwa sebuleni na mtoto, sauti ya televisheni iko juu.

"Mtu yeyote anaweza kusahau," akasema mwishowe.

"Drew, mtu anasahau miwani. Anasahau chumvi. Mama yako ameshika kofia mkononi, kofia aliyoikanyaga mwenyewe. Ameifanya kazi hii tangu akiwa msichana. Angeshika tu, angejua."

"Kwa hiyo unasemaje? Tumpeleke wapi?"

"Sijasema tumpeleke popote. Nasema akaonwe na daktari. Na nasema shule zikifunguliwa tutafute mtu wa kukaa na Ailsa."

"Mtu gani? Chekechea ya bure haipatikani mpaka atimize miaka mitatu, unajua. Ya kulipia inakula mshahara wako wote wa jikoni ya shule, unabaki na nauli." Aliisukuma ile kofia kwa ncha ya uma, taratibu, mpaka ikaanguka chini upande wa pili wa meza. "Mama alinilea mimi na wenzangu watatu na hakuna aliyepoteza hata kidole. Leo kwa sababu ya kofia unataka nimwambie hatumwamini na mjukuu wake? Nenda kamwambie wewe."

Senga hakwenda. Aliiokota kofia, akaifuta vumbi. Sebuleni Grizel alicheka kitu kwenye televisheni, na Ailsa naye akacheka kwa sababu bibi kacheka.

*

Kapteni alikuja Jumamosi. Jina lake lilikuwa Crawford Haldane na siku za kazi alikuwa daktari wa meno huko Perth, lakini mwisho wa wiki alikuwa kapteni wa kikosi cha wanaume waliokuwa wakivaa sketi za mistari na kupigana upya vita vya zamani, kwa panga zisizokata, mbele ya watu waliokuja na watoto na chakula cha mchana. Mwezi Septemba walikuwa na vita vyao vikubwa. Mwaka uliotangulia kikosi chake kiliingia uwanjani na kofia za kiwandani, na wale waliokuwa wakiigiza askari wa mfalme wakawaimbia njia nzima kwamba wamenunua vichwa vyao dukani. Ndiyo maana alifika kwenye nyumba ya akina Senga, ukoo wa Picken. Alitaka kofia zilizofumwa kwa mkono, zikakanyagwa kwa mguu, kama za wazee waliokufa kwenye vita vyenyewe.

Senga alishamwambia kwa simu kwamba kuna hitilafu kidogo. Sasa aliziweka mezani.

Kapteni alizitazama. Akachukua moja, akaivisha ngumi yake, akaiinamisha mbele ya wenyeji. "'Nisamehe, Kapteni,'" akasema kwa sauti nyembamba, "'nimechelewa vitani, mke wangu kanifua.'"

Drew akacheka kwa adabu. Ailsa akapiga makofi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Grizel. Alicheka mpaka akajifuta macho na aproni.

"Lo, huyo mjinga nani kazifanya hivi?" akauliza. "Huyo hana kazi. Enzi za mama yangu angefukuzwa na miguu yake ikiwa bado na povu."

Kapteni aliitoa kofia kwenye ngumi, akaiweka chini polepole, na uso wake ukabadilika. Ukawa wa upole, upole wa mtu anayekuambia fungua mdomo hutasikia maumivu. Senga aliuchukia upole ule kuliko ile dhihaka.

"Mama yangu naye ilianza hivihivi," akamwambia Senga, sauti chini, kama vile Grizel hayupo. "Aliweka viatu vya baba kwenye oveni."

"Ilianza nini?" Grizel akauliza.

"Hamna, bibi. Tunazungumzia viatu."

"Mimi si kiziwi, bwana daktari. Miguu ndiyo mibovu." Alimkazia macho. "Ilianza nini?"

Kapteni akajikohoza na kurudi kwenye biashara. Yeye si mtu wa kuvunja ahadi, akasema. Lakini vita havingoji. Kuna jamaa huko Pakistan wanaoweza kumtumia mzigo mzima upesi, kwa bei ambayo hapa mtu anakulia chakula cha mchana. Atachekwa tena, basi, atavumilia. Yeye anataka jibu tu, mtaweza au hamtaweza?

Alimuuliza Senga. Senga aliona mkono wa Grizel juu ya meza, mkono uliopinda viungo, ukiwa umeifunika kofia moja kama mtu anayefunika kifaranga. Aliona pia ile sufu nyingine iliyokuwa imebaki, ambayo ilikwisha kulipiwa, na sufu ya kuongezea ambayo ingebidi inunuliwe. Aliona gari la kwenda mjini kwa daktari ambalo Drew hataki liwashwe.

"Zitakuwa tayari," akasema.

"Hakuna kofia ya kiwanda iliyowahi kutoka nyumba hii," Grizel akasema. "Andika hiyo."

*

Walifuma wote wawili, mchana kutwa, likizo yote iliyobaki. Kwenye kufuma, mikono ya Grizel haikusahau kitu. Alifuma akizungumza, akafuma akisinzia, akafuma huku akimtazama Ailsa bustanini, na kila kofia ilitoka sawa na mwenzake. Senga akaanza kujiambia kwamba labda Drew alisema kweli. Labda ilikuwa siku moja mbaya, kama mtu anavyoteleza ngazini mara moja na asiteleze tena.

Kisha ikaja siku ya kukanyaga.

Banda la kufulia lilikuwa la mawe, na ndani yake kulikuwa na sufuria kubwa ya shaba iliyojengewa matofali, moto chini yake. Kando yake palikuwa na nusu ya pipa la mbao na ubao wa kusimamia. Mkanyagaji huingia ndani ya pipa miguu mitupu. Kazi ile ina utaratibu, na Grizel aliufundishwa akiwa mdogo kuliko alivyoweza kukumbuka. Mwenye ndoo anasema "Toka". Mkanyagaji anapanda ubaoni. Mwenye ndoo anamwaga maji yanayochemka, anakoroga kwa fimbo, anaongeza ya baridi, anatumbukiza kiwiko. Kiwiko kikivumilia, anasema "Ingia". Hakuna anayemwaga kabla ya neno, na hakuna anayengoja neno mara mbili.

"Dada yangu Jessie alingoja," Grizel akasema, akiikunja mikono ya blauzi. "Alikuwa anaimba, hakusikia. Mguu ule ulitoka kama mshumaa, ngozi inateremka. Mama hakulia. Alisema, nilisema toka au sikusema? Mpaka anakufa alikuwa anatuuliza hivyo. Tulimwambia ulisema, Mama, ulisema. Lakini sisi tulikuwa wadogo, hatukuwa tunasikiliza."

"Na mguu?"

"Mguu upi?"

"Wa Jessie."

"Alivaa kiatu maisha yake yote, hata kitandani." Akachota maji. "Toka."

Senga akapanda ubaoni. Maji yakamwagwa, mvuke ukapanda, fimbo ikazunguka, ya baridi, kiwiko. "Ingia." Alikanyaga. Kofia zilikuwa zinateleza chini ya nyayo zake kama samaki, na polepole akaanza kuzisikia zikishika, zikikaza. Ilikuwa kazi nzuri. Nje mvua ilikuwa imekatika na Ailsa alikuwa anachuma maua ya kando ya ukuta.

"Toka."

Akatoka. Ndoo ikamwagwa.

"Toka," Grizel akasema tena.

"Nimeshatoka, Mama."

"Toka basi."

Senga akacheka. Alikuwa amesimama juu ya ubao, maji yanamchuruzika magotini. Grizel hakucheka. Alikoroga, akatia kiwiko, akasema "Ingia", na kazi ikaendelea. Mara nyingine mbili ilikwenda sawa. Mara iliyofuata Senga aliinamia kofia moja iliyokuwa imejikunja, na alipoinua kichwa aliiona ndoo ikiwa tayari hewani, imeinama, mdomo wake unafuka, na hakukuwa na neno lolote lililosemwa. Aliruka. Maji yakaangukia pale miguu yake ilipokuwa.

Grizel alikoroga kwa fimbo. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliye kazini.

"Umeruka kama mbuzi," akasema. "Vijana hamna subira."

Usiku Drew aliuliza kofia zimekwendaje, Senga akasema zimekwenda vizuri. Nusu ya mzigo ilikuwa imebaki, na kama angesema, kazi ingesimama. Ndivyo alivyojiambia. Alisema vizuri, akageukia ukutani, akakunja vidole vya miguu ndani ya soksi.

*

Shule zilifunguliwa katikati ya Agosti. Asubuhi ile Senga alivaa sare yake ya jikoni, akakusanya viberiti vyote ndani ya nyumba, akaviweka juu ya kabati refu, nyuma ya bakuli la sikukuu.

Grizel alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Unanificha viberiti?"

"Ni kwa ajili ya Ailsa, Mama. Ameanza kupanda viti."

"Ailsa." Grizel akatikisa kichwa. "Nimewasha moto katika nyumba hii kabla hujazaliwa, bibie. Sema tu."

"Kofia zilizobaki tutazikanyaga Jumamosi, mimi na wewe. Usiziguse. Niahidi."

"Mimi mtumishi wako? Haya, naahidi."

Siku za kwanza Senga alikuwa akirudi mbio, aproni bado mwilini, na kila siku aliwakuta wako salama. Ailsa amekula supu ya shayiri. Ailsa amelala. Ailsa na bibi wamekaa dirishani wanahesabu ng'ombe wa jirani. Mwenzake wa jikoni, Peigi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alimkuta siku moja ameshika mwiko juu ya sufuria ya mchuzi, hakorogi.

"Wewe una nini? Wiki nzima hii unakimbia kama una mtoto wa kunyonya."

"Nina mtoto nyumbani na bibi yake."

"Si una bahati? Mimi wa kwangu bibi yake yuko Hispania na mwanamume wa pili."

Senga akakoroga. Alitaka kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Lakini Peigi angesema, kama unaogopa mbona umemwacha, na Senga hakuwa na jibu ambalo angeweza kulitoa mbele ya watu wanaopakua viazi.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Senga alitelemka kwenye basi, akapandisha kilima, na kabla hajafika kwenye lango aliona moshi. Haukutoka kwenye bomba la jikoni. Ulitoka kule nyuma.

Hakupitia nyumbani. Alizunguka ukuta, akakanyaga maua. Alisikia sauti ya Ailsa ikiimba maneno yasiyo na maana, kisha ikanyamaza. Ule unyamavu ndio uliompeleka hatua za mwisho hakujua vipi. Akasukuma mlango.

Mvuke ulimjaa usoni. Ulipopungua aliona pipa, na ndani ya pipa mwanawe, amevaa chupi na fulana, ameshika ukingo kwa mikono miwili, maji ya buluu yako magotini mwake na kofia zinamzunguka. Mbele yake alisimama Grizel. Ameinua ndoo kifuani. Ndoo ilikuwa inafuka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba maji yalikuwa yanapiga ukingo na kumrukia kwenye vidole, na vidole vilikuwa vyekundu, na hakuwa anaviachia.

"Senga," akasema. Hakugeuza kichwa. "Usipige kelele, utamshtua. Nilisema toka?"

Senga aliingia hatua moja.

"Yeye amesimama tu. Sijui kama sijasema au nimesema na hakusikia. Sijui kama hii ni ya kwanza. Nikiiweka chini ataifikia. Nikimwaga..." Akameza mate. "Kuna kitu kimoja sikikumbuki, nikaona nisimame."

"Usisogee, Mama."

"Sisogei. Nimesimama."

Senga alipita nyuma ya pipa, akamnyanyua Ailsa kwa makwapa, akamtoa, akamweka nje ya mlango kwenye mawe yaliyolowa. Kisha akarudi, akatia mikono yake chini ya ndoo, juu ya mikono ya Grizel. Ilibidi avifungue vidole kimoja kimoja. Akaibeba mpaka uani, akaimwaga mbali na mtoto, na mawe yakafuka.

Alipogeuka, Grizel alikuwa bado ameinua mikono vilevile, imekunja duara, kama bado kuna kitu ndani yake. Haikutaka kushuka.

"Umesimama tangu saa ngapi?"

"Aliimba," Grizel akasema. "Akaacha. Akalia kidogo. Akaimba tena."

Senga akatia mkono ndani ya pipa. Maji yalikuwa ya baridi, baridi ya kisima. Hayakuwa yametiwa hata ndoo moja ya moto; mtoto alisimama ndani ya baridi hiyo, na muda wote huo yule mwanamke alikuwa ameshika ndoo. Akachukua miguu ya Ailsa mikononi mwake. Ilikuwa imekunjamana kama ya mzee, buluu mpaka magotini, na vidole havikuwa na joto hata kidogo.

"Bibi kasema tukanyage," Ailsa akasema. "Halafu hajasema ingine."

Kiberiti kilikuwa juu ya tofali. Kiberiti cha jirani. Grizel alikwenda kukiomba, ikaja kujulikana, akavaa na koti lake zuri na kofia ya kanisani, akamwambia jirani kwamba mkwe wake amechoka sana siku hizi, anataka kumsaidia kazi kabla hajarudi.

*

Drew alipoingia, mama yake alikuwa kwenye kiti chake, vidole vimefungwa kitambaa. Senga alikuwa amejiandaa kusema. Maneno aliyapanga mchana kutwa. Grizel alimtangulia.

"Leo nilikaribia kummwagia Ailsa maji ya moto."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Sema wewe, nikusikilize."

Drew akatazama miguu ya mtoto wake. Akaenda akajaza beseni, akakaa sakafuni na buti zake za maziwa, akaanza kuisugua kwa sabuni. Alisugua mpaka Ailsa akasema unaniumiza baba. Nili haikutoka. Alisugua taratibu zaidi, kichwa kimeinama.

"Uliniambia," akasema bila kugeuka.

"Sikukuambia yote," Senga akajibu. Akamweleza juu ya ile siku aliyoruka. Drew akasogea pembeni ya beseni, akamwachia mguu mmoja, naye akaendelea na wa pili.

Kesho yake Drew alimpeleka mama yake kwa daktari. Aliporudi alisema kutakuwa na vipimo, halafu vipimo vingine, na kwamba yule daktari alizungumza na yeye muda wote na hakumtazama mama hata mara moja. Ailsa akaandikishwa chekechea ya kulipia, na Senga akaomba zamu za kusafisha madarasa jioni.

Kofia zilizobaki zilipaswa kukanyagwa. Senga aliingia kwenye pipa, Drew akashika ndoo, na Grizel wakamwekea kiti karibu na mlango. Kazi yake ikawa neno lile tu. Alitaka mwenyewe. "Mimi nitasema," alisema. "Nyinyi mtasahau." Na alisema vizuri, kwa sauti ya juu, mgongo umenyooka. Toka. Ingia. Toka. Drew hakumwaga hata tone bila kusikia. Wakati mwingine Grizel alisema toka hali Senga yuko ubaoni, na wakati mwingine alisema hali ndoo haina kitu, na wao walitii tu, Senga akipanda na kushuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Kapteni alikuja kuchukua mzigo wake wiki ya vita. Alizijaribu kofia, akazikunja, akazinusa, akasema hizi ndizo, hizi hata maiti wenyewe wangezivaa. Alipoingia ndani kuaga, Grizel alimtazama kutoka kwenye kiti.

"Toka," akamwambia.

Kapteni alicheka, akarudi nyuma mpaka nje ya kizingiti, akapiga saluti kwa kofia yake mpya. Senga alimfungia mlango wa gari. Noti zilikuwa mfukoni mwa aproni yake na hakuwa amezihesabu.

Jioni walikula mapema. Mvua ilianza tena. Ailsa alimaliza supu, akateremka kwenye kiti chake, na kama alivyozoea akapanda kwenye mapaja ya bibi yake, akaegemeza kichwa kifuani. Grizel aliinamisha macho. Alimtazama yule mtoto kwa muda, alizitazama nywele, aliutazama ule mkono mdogo ulioshika kifungo cha sweta yake, na Senga aliona kwamba hakuwa anatafuta jina la mtoto. Hakuwa anatafuta chochote.

"Toka," Grizel akasema.

Drew akaweka kijiko chini.

Ailsa hakulia. Aliachia kifungo, akateleza mpaka sakafuni, akasimama wima, miguu pamoja na mikono ubavuni, uso ameuinua. Alikuwa amejifunza utaratibu. Akasimama hapo mbele ya bibi yake, kimya, anangoja aambiwe aingie.